Pacha wa Perusi

Watafiti wageni waliingia Mamlaka ya Hesabu za Kaya Jumatatu ya kwanza ya Juni, wakati Dodoma ina ule upepo wa baridi unaopenyeza vumbi mpaka kwenye meno. Sechelela Ndahani ndiye aliyetumwa kuwapokea getini, kwa kuwa kila aliyeombwa kabla yake alikuwa na kikao.

Walikuwa wawili. Mkubwa wao, Dkt. Kavira Muhindo, alikuwa mama mnene wa makamo kutoka chuo kimoja cha Goma, mwenye kicheko kinachokuja taratibu na macho yasiyocheka sana. Mwenzake, Dkt. Okwir, kijana mrefu wa Uganda, alibeba mizigo yote na kusema machache. Mkataba wao ulikuwa wa wiki sita: kushirikiana na Mamlaka kupima usahihi wa mapacha.

"Na wewe, mama, kazi yako ni ipi hapa?" Dkt. Kavira aliuliza wakipanda ngazi.

"Mimi ni mlezi wa mapacha."

"Wangapi?"

"Kaya elfu tisa na mia mbili."

Dkt. Kavira akasimama kidogo kupumzisha magoti. "Una watoto wengi," alisema.

Sechelela alicheka. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mume wake alishafariki, na katika tumbo la mama yao walibaki wawili tu, yeye na mdogo wake Perusi.

Kila siku saa mbili asubuhi Sechelela aliketi mbele ya kioo cha kompyuta yake, akabonyeza kitufe kimoja, na kaya zote za nyanda kame zikaulizwa maswali themanini kwa dakika nne. Jana mlikula nini? Maji mnateka wapi? Nani anaumwa? Majibu yalimiminika kama mtama gunia likitoboka. Ila hakuna mtu hata mmoja, katika vijiji vile vyote, aliyekuwa ameulizwa kitu. Waliojibu ni mapacha.

Zamani walikwenda wadadisi kwa miguu. Sechelela mwenyewe aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, dodoso kwapani na chupa ya maji kiunoni. Kisha makorongo yakakata barabara, minara ya simu vijijini ikazimwa mmoja mmoja, na mdadisi akifika kijiji cha mwisho, habari za kijiji cha kwanza zimeshaoza. Ndipo ikaletwa mashine. Kaya iliyokwisha kudodoswa mara nane, majibu yake yote na sauti za watu wake zilifundishwa mashine, ikajua jinsi kaya ile inavyojibu mvua ikinyesha na inavyojibu mvua ikikosa. Baada ya hapo, mashine ikipewa habari za mvua na bei za sokoni, ilijibu kwa niaba yao. Hilo jibu ndilo lililoitwa pacha. Walipolijaribu mwaka wa kwanza, lilipatia mara tisini na sita katika mia.

Serikali ikatunga sheria. Maboza, yale malori ya tangi la maji, yafuate majibu ya mapacha, na asitokee mtu wa kuyageuza njiani, awe mbunge, awe nani. Pampu za kujazia maboza zikafungwa kufuli linalofunguliwa na takwimu za Mamlaka peke yake. Ilikuwa sheria njema. Kabla yake maji yalikwenda kwa mwenye sauti kubwa.

Katika kikao cha kwanza, Dkt. Kavira hakuomba takwimu wala grafu. Aliomba magari.

"Nataka kaya sitini zilizochaguliwa kwa bahati nasibu," alisema. "Tuzifikie kwa miguu yetu. Tumwulize mtu, halafu tumwulize pacha wake, siku hiyo hiyo. Basi."

Mkurugenzi, Bwana Mwakipesile, alivua miwani. Alikuwa mtu mpole, mwenye kawaida ya kusalimia hata wafagizi kwa majina yao. "Daktari, miaka mitano sasa hatujatuma mtu huko. Mafuta tu..."

"Ndiyo sababu tumekuja."

Mashine ikachagua kaya sitini. Orodha ilipotokea, Sechelela aliipitia kwa kidole, na kidole kikasimama. Kaya namba 0417, kijiji cha Chihembe. Mkuu wa kaya: Elieza Matonya. Mke: Perusi Ndahani.

Moyo ulimruka kwa furaha. Zaidi ya miaka mitatu hajamwona mdogo wake.

Hawakuwa wamegombana. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba hata ugomvi hawakuwa nao wa kusingizia. Siku Perusi alipoombwa ridhaa ya kutengenezewa pacha, mdadisi aliyemwomba alikuwa dada yake mwenyewe, na Perusi alitia dole gumba huku akilalamika. "Sasa mashine ikishanijua, dada, wewe utakuja kufanya nini huku?" Sechelela alimwambia asiwe mtoto. Mwaka ule alikwenda mara mbili, uliofuata mara moja. Halafu barabara ikakatika, mnara wa Chihembe ukazimwa, na yeye akagundua kwamba hana haja ya kuhangaika. Kila mwisho wa mwezi, ofisi ikishatulia, alifungua kaya 0417 na kusoma. *Afya: nzuri. Milo: miwili. Maji: kisima cha mtoni. Watoto wanakwenda shule: ndiyo, wote wawili.* Alikuwa akisoma majibu yale kama mtu anayesoma barua. Alikunywa chai yake, akarudi nyumbani roho kwatu.

Kabla ya safari alinunua kitenge, sukari kilo tano, na viatu vya shule jozi mbili. Namba za viatu alizipata kwa pacha. Kulikuwa na swali la mavazi.

*

Walifika Chihembe siku ya tatu, saa nne asubuhi, gari likiwa limeachwa ng'ambo ya korongo na wao wakitembea. Sechelela alitangulia mbele. Alikuwa amejifunga kitenge kile kipya juu ya suruali ili asikibebe mkononi, na njiani alikuwa akimsimulia Dkt. Kavira jinsi Perusi alivyokuwa mchokozi utotoni, jinsi alivyowahi kumfungia mbuzi wa mchungaji ndani ya kanisa.

Nyumba ya kwanza haikuwa na mtu. Ya pili vile vile. Zilikuwa tembe za udongo za zamani, na paa za tembe zisipotiwa udongo msimu mmoja tu huanza kuoza. Hizi zilikuwa zimeingia ndani.

"Wamehamia mashambani," Sechelela alisema. "Kipindi hiki huwa wanalinda uwele."

Uwele haukuwepo.

Walipofika kwa Perusi, Sechelela alikuta ukuta wa jikoni umesimama peke yake. Kinu kililala kwa ubavu, mchwa wamekijengea. Alisimama hapo akiita "Hodi!" kwa sauti ile ile anayoitia siku zote, hodi ya mtu wa nyumbani, akaita tena, na mara ya tatu sauti ikatoka imepasuka.

Dkt. Okwir alikuwa nyuma, kishikwambi chenye nakala za mapacha mkononi. Taratibu ilikuwa kwamba wakifika kwenye kaya, pacha aulizwe papo hapo, na kijana yule alikuwa ameshabonyeza kabla hajaelewa anachokiona. Sauti ya kike ikatoka kwenye kishikwambi, imechangamka, ina ule utani wa chini kwa chini.

"Jana jioni? Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Elieza analalamika mlenda kila siku, mwambieni akachume yeye."

"Zima," alisema Dkt. Kavira.

"Watoto hawajambo. Mkubwa ana mafua kidogo, yatapita."

"Okwir. Zima!"

Kijana alizima.

Mama mmoja alitokea upande wa mtoni, ndoo kichwani, akija polepole. Alikuwa Mama Nhembo, jirani, ambaye Sechelela alimkumbuka akiwa mnene. Sasa ngozi ilikuwa imemlegea mikononi. Alitua ndoo, akamtazama Sechelela muda mrefu.

"Mbukwa," alisalimia.

"Mbukwa, mama. Perusi yuko wapi?"

"Tulituma salamu," Mama Nhembo alisema. "Kwa dereva wa lori la mkaa. Tukamwambia, pale Dodoma, kwenye jumba la hesabu, mwulizie Sechelela. Hazikufika?"

"Hazikufika."

"Basi ndiyo hivyo, mwanangu. Kaa chini kwanza."

Hakukaa. Aliambiwa akiwa amesimama. Mwaka juzi mto ulikauka mpaka chini ya mchanga. Watu walichimba urefu wa watu watatu wakakuta mwamba. Walingoja maboza. Waliambiana, kule Dodoma wanatuhesabu kila siku, hawawezi kutusahau. Maboza hayakuja. Wengi wakaondoka kwenda upande wa Tabora na walichoweza kubeba. Elieza alikuwa mgonjwa wa mguu, hawezi kutembea, na Perusi akakataa kumwacha. Wakawa wanakunywa maji ya lambo, yale ya ng'ombe. Kuhara kulianza kwa mtoto mdogo.

"Siku sita," Mama Nhembo alisema. "Mdogo, halafu mkubwa, halafu baba yao. Perusi ndiye aliyewazika na mimi, tukichimba kwa jembe moja, kwa zamu. Yeye alifuata Jumapili."

"Mwaka juzi mwezi gani?"

"Wa kumi na moja."

Sechelela alihesabu bila kutaka, kwa mazoea ya kazi. Miezi kumi na tisa. Mara kumi na tisa alikuwa amefungua kaya 0417 baada ya mdogo wake kuzikwa, akasoma, akanywa chai.

Makaburi yalikuwa nyuma ya zizi, yamewekewa mawe ili fisi wasifukue. Alipiga magoti. Alijaribu kulia kama wanavyolia watu, na kilio hakikuja; kilichokuja ni pumzi fupi fupi, kama za mtu aliyetoka kukimbia. Mwishowe alifungua mkoba, akatoa vile viatu vya shule, akavitazama, na ndipo kilio kikaja.

Dkt. Kavira alikaa chini mavumbini kando yake, na unene wake wote, mpaka jua lilipokuwa utosini.

*

"Nieleze," Sechelela alisema jioni ile, jua bado liko juu ya vilima, wakiwa wameketi kwenye kivuli cha gari ng'ambo ya korongo. "Mimi ni mdadisi, si mtaalamu wa mashine. Mvua ilikosa na mashine ilijua imekosa. Kwa nini pacha hakusema wana kiu?"

Dkt. Kavira alichukua kijiti akachora mstari mchangani. "Mdogo wako alidodoswa mara nane. Katika hizo nane, ukame ulipita mara mbili. Mara zote mbili alisemaje?"

Sechelela alikumbuka, maana dodoso zile alizijaza kwa mkono wake. "Alisema mto ulikatika Septemba, wakachimba, Oktoba wakapata maji."

"Basi pacha akajifunza kwamba ukame ndio huo. Unachimba, unapata. Mvua ikikosa, pacha anachimba. Anapata. Kesho anachimba tena, anapata tena."

"Lakini watu walikufa, daktari. Katika kaya elfu tisa hakuna hata moja iliyojifunza kufa?"

Dkt. Kavira alizungusha kijiti mkononi. "Fikiri, mama. Kaya ikifiwa na mmoja, waliobaki wanakueleza, unaandika. Mashine inajifunza kifo cha mmoja. Lakini kaya ikifa yote, ukibisha hodi, anakujibu nani? Dodoso lake linakuwa tupu, na dodoso tupu tunaliweka pembeni. Kwa hiyo kila kaya ambayo mashine imewahi kuiona ni kaya iliyobaki na mtu wa kujibu." Alifuta mstari kwa kiganja. "Hakuna aliyeifundisha kwamba watu wanaweza kwisha."

Wakamaliza kaya zote sitini kwa wiki tatu. Kaya thelathini na saba walizikuta, na mapacha wao walikuwa wamesema kweli kwa kiasi. Kumi na mbili zilikuwa zimehama. Kumi na moja, Sechelela alizihesabu kwa makaburi yao.

*

Bwana Mwakipesile alisoma matokeo mlango ukiwa umefungwa. Aliposhusha karatasi alionekana amezeeka.

"Pole, Sechelela. Pole sana. Laiti ningejua kama ni ndugu yako..."

"Sikusema. Sheria inataka tuseme tukiwa na ndugu orodhani, sikusema. Nilikuwa napenda kumsoma."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa. Kisha akafungua droo, akatoa fomu iliyotayarishwa, akaisukuma mezani. Chini palikuwa na nafasi ya saini moja, ya ofisa wa Mamlaka aliyekuwepo uwandani. Taarifa ya wageni peke yake haikuwa na nguvu kisheria, walikuwa wageni.

"Kaya kumi na moja," alisema. "Ukiandika namba tano, *kaya imehama*, tunaziondoa kwenye orodha, tunarekebisha mapacha kimya kimya, tunachukua mwaka mmoja au miwili kuwafundisha upya. Ukiandika namba tisa, *kaya imekufa, pacha amejibu*, sheria inasema mfululizo wote wa takwimu ni batili. Siku hiyo hiyo. Na mfululizo ukiwa batili, kufuli la pampu halifunguki."

"Kwa vijiji vyote?"

"Vijiji arobaini na kimoja vinavyopata maji leo. Sasa hivi tunavyoongea wanapata, Sechelela, kwa sababu mapacha wao wanasema kweli. Watu hai. Mpaka ihesabiwe upya kwa miguu, miezi mitatu ukijitahidi, hawatapata hata tone. Na huu ni mwezi wa saba."

"Waambie wabadilishe sheria."

"Nimepiga simu siku nne. Bunge linakaa Septemba. Tuliitunga sheria ile isiweze kuchezewa na mtu, na kweli haichezeki." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Sikuamrishi. Ningekuamrisha ningelala vizuri. Nakuonyesha tu kilichopo."

Sechelela alimfuata Dkt. Kavira katika chumba cha wageni, akamkuta anafunga vitabu.

"Ungekuwa wewe ungeandika nini?"

"Kitu rahisi," Dkt. Kavira alisema, na sauti yake ilikuwa ya uchungu. "Ningeandika kweli. Halafu Ijumaa ningepanda ndege. Kwa hiyo usiniulize mimi, mama. Mtu ambaye hatakuwepo asikushauri." Aliacha vitabu, akamshika mikono. "Kule kwetu kulitokea vita, mwaka mmoja, na walitoka watu mbali kuja kutuhesabu. Walihesabu vizuri sana. Wakaondoka. Nilijiapia sitakuwa mmoja wao, na tazama."

Sechelela alikaa na fomu ile siku mbili. Alikwenda nayo nyumbani, akarudi nayo. Upande mmoja aliwaona watu wa vijiji arobaini na kimoja, aliowafahamu wengi kwa majina, wakiweka ndoo zao kwenye foleni na boza halitokei. Upande mwingine aliona orodha ya kaya elfu tisa na akajua kwamba humo ndani, mahali fulani, leo hii, kuna Perusi mwingine anachimba mchangani huku pacha wake akisema maji yapo. Na akitia namba tano, hakuna atakayemjua huyo kwa mwaka mmoja au miwili. Alijaribu kuwahesabu wa huku na wa huku. Wa kwenye foleni walikuwa elfu kumi na nane. Wa mchangani hawakuwa na idadi, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Asubuhi ya siku ya tatu alifika mapema, akaketi mbele ya kioo chake. Hakubonyeza kitufe cha kaya zote. Alifungua kaya 0417 peke yake, akaandika swali lisilokuwemo kwenye dodoso. *Perusi, umekufa?*

Pacha alichelewa kidogo kuliko kawaida.

"Ha, dada, maswali gani hayo asubuhi asubuhi? Tupo. Njoo utuone basi, umetutupa sana."

Machozi yalimtiririka mpaka kwenye shingo ya blauzi. Aliijua lugha ile. Alijua pia kwamba pacha angemjibu hivyo hivyo mwakani, na mwaka wa kumi, na kwamba vitu vyote mle ndani, utani, mlenda, mafua ya mtoto, ni mdogo wake kweli, alivyokuwa, na hakuna mahali pengine duniani ambapo angesikia tena sauti ile. Mfululizo ukiwa batili, mapacha wote hufutwa.

Akavuta fomu. Akaandika tisa mara kumi na moja, moja baada ya nyingine, na kuweka saini.

*

Kufuli za pampu zilijifunga saa sita mchana. Bwana Mwakipesile alijiuzulu wiki ile ile na hakumlaumu mtu. Redio ilitangaza kwamba uhesabuji wa miguu umeanza na wadadisi wa zamani wanahitajika. Walijitokeza mia tatu, wengine na fimbo. Dkt. Kavira alipanda ndege yake Ijumaa. Dkt. Okwir, kijana aliyekuwa hasemi, alikwenda dirishani kwa shirika la ndege, akaahirisha tiketi, akaomba apewe dodoso na yeye. Hawakuwa na vishikwambi vya kutosha, wakarudi kwenye karatasi.

Wiki ya saba Sechelela alifika Chigongwele, kimoja kati ya vile vijiji arobaini na kimoja. Tangi la kupokelea maji ya boza lilikuwa limekauka, ndani yake mjusi. Katika nyumba ya tatu alikuta mwanamke kijana ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha mbele, nguo ya kifuani imelowa maziwa na kukauka, ikalowa tena. Alijitaja kuwa anaitwa Damari Chilongani, ndiye mkuu wa kaya.

Alijibu kila swali bila kuinua uso. Wangapi wanalala hapa. Wangapi walikula jana. Walipofika kwenye swali la hamsini na moja, Sechelela alichutama karibu naye kwanza.

"Katika miezi kumi na miwili iliyopita, kuna mtu wa kaya hii aliyefariki?"

"Mmoja."

"Lini?"

"Jumanne."

Ilikuwa Ijumaa. Kalamu ilisimama.

"Alikuwa na umri gani, mama?"

"Miezi saba. Andika jina lake. Anaitwa Nyemo."

Fomu haikuwa na mahali pa jina la marehemu. Palikuwa na kisanduku cha tarakimu moja. Sechelela aligeuza karatasi, akaandika nyuma yake: *Nyemo, msichana, miezi saba.* Kisha palifuata sababu ya kifo. Alipitia orodha ya namba, homa, kuhara, ajali, uzazi, na akaona kwamba angeweza kuchagua kuhara na isingekuwa uongo. Mkono ulikaa juu ya namba ile kwa muda. Halafu aliiacha, akaandika kwa maneno.

"Umeandika kirefu," Damari alisema. Kwa mara ya kwanza aliinua macho. "Nisomee."

Sechelela alisoma. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Kuhara, baada ya maji ya boza kusimamishwa tarehe tisa Julai kwa saini ya S. Ndahani."

Kuku mmoja alipita kati yao akidonoa pasipo na kitu.

"S. Ndahani ni nani?"

"Ni mimi."

Damari alimtazama. Alimtazama viatu vyake vilivyochanika, karatasi zake, midomo yake iliyopasuka kwa jua, akarudi kwenye macho. Sechelela hakutoa neno la kujitetea, ingawa alikuwa nalo, na lilikuwa la kweli. Alikuwa tayari kufukuzwa, au kupigwa, na sehemu fulani ndani yake ilikuwa ikiomba iwe hivyo.

Mwanamke yule akavuta nguo yake ya kifuani, akaikaza, akageuza uso kuelekea barabara ambayo maboza yalikuwa yakipitia.

"Maswali yako yamebaki mangapi?" aliuliza.

"Ishirini na tisa."

"Uliza."